Mgonjwa, Ghadhabu Yake, na Baraza la Wenziwe

Mtu aliyepatwa na maradhi ya akili apitapo mtaani akisema peke yake, wapita njia humpisha, watoto hukimbilia majumbani mwao, na mwenye duka huuweka mkono karibu na komeo la mlango, ingawa aghalabu hapana hata mmoja katika hao aliyepata kudhuriwa naye. Siwalaumu wenye hofu hiyo, kwa sababu zipo nyumba ambamo mama amevunjwa mkono na mwana aliyemzaa, na zipo nyumba ambamo watu hulala kwa zamu kwa kumchelea mmoja wao. Lakini hofu isiyopimwa kwa mizani ya ilimu huzaa jeuri iliyo kubwa kuliko ile inayoiogopa, nayo ndiyo inayomfanya mgonjwa afungwe kamba, apigwe bakora, na kufikishwa hospitali akiwa na majeraha ambayo hakuyapata kwa ugonjwa wake.

Nataka kumweleza msomaji habari za njia nyingine, isiyokuwa na kamba wala bakora, ambayo kwa muda wa karne nzima imekuwa ikijaribiwa, ikisahihishwa na kujaribiwa tena katika hospitali za nchi mbalimbali: kuwakalisha wagonjwa wa skizofrenia pamoja, watu sita au wanane, wafunzane kuitambua ghadhabu kabla haijawatawala. Anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza huweza kulidhani mzaha, kwani fikira ya haraka hutuambia kwamba watu wakali wakikutanishwa katika chumba kimoja hapatatoka ila ugomvi. Mambo hayaendi hivyo, na kisa chake chastahili kuchunguzwa kwa utulivu.

Skizofrenia, ambayo ilipewa jina hilo na tabibu wa Uswisi Eugen Bleuler mwaka 1908, ni maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba humpata mtu mmoja katika kila watu 300, yaani watu wapatao milioni 24 ulimwenguni, na mara nyingi huanza katika ujana, wakati ambapo mtu anamaliza masomo au anajitafutia kazi na mwenzi. Mwenye maradhi haya huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii; huweza kuamini kwa yakini mambo yasiyokuwapo, kama kwamba jirani amemtilia sumu katika chakula au kwamba msomaji wa habari redioni anamsema yeye; na fikira zake huweza kukatika njiani hata maneno yake yakapoteza mfuatano. Si upungufu wa akili wa kuzaliwa, wala si, kama wengi wanavyodhani kwa sababu ya sinema, nafsi mbili zinazokaa katika mwili mmoja.

Je, maradhi haya humfanya mtu kuwa wa hatari? Jawabu la insafu haliupendezi upande wowote. Mwaka 2009 Seena Fazel na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za wagonjwa 8,003 wa skizofrenia nchini Sweden, wakaona kwamba asilimia 13.2 kati yao walikuwa wamehukumiwa walau mara moja kwa kosa la jeuri, ilhali katika watu wa kawaida waliolinganishwa nao kiasi hicho kilikuwa asilimia 5.3. Basi ziada ipo, na anayeikana hawasaidii wagonjwa. Lakini walipowatenga wagonjwa waliokuwa na ulevi wa pombe au mihadarati, wakapata asilimia 27.6 kwa hao walevi na asilimia 8.5 tu kwa wasiokuwa walevi, jambo ambalo ladhihirisha kwamba chupa na msokoto wa bangi vina sehemu kubwa katika lawama ambayo sisi tunaubebesha ugonjwa peke yake. Tena mwaka 2005 Linda Teplin na wenzake waliwachunguza watu 936 wenye maradhi makali ya akili mjini Chicago, wakakuta kwamba zaidi ya robo yao walikuwa wametendewa jinai ya jeuri katika muda wa mwaka mmoja, kiasi ambacho kilizidi mara 11 kile cha watu wengine. Mgonjwa tunayemkimbia njiani ana sababu kubwa zaidi ya kutukimbia sisi.

Ghadhabu yake, hata hivyo, ina asili, na mara nyingi sana asili hiyo ni hofu. Mtu anayeamini bila ya chembe ya shaka kwamba abiria aliyeketi nyuma yake amekuja kumwua hatendi ajabu anapogeuka na kumpiga ngumi. Anatenda ambalo wewe na mimi tungelitenda lau yakini hiyo ingelikuwa yetu. Mwingine husikia sauti ambayo humwamuru ampige fulani, na kwa kuwa sauti hiyo humtisha na kumtukana usiku na mchana hata akaamini kuwa ina uwezo wa kumwangamiza asipotii, huitii kama mtumwa anavyomtii bwana wake mkatili. Mwingine hana dhana yoyote ya ajabu. Amekosa usingizi siku kadhaa, amezikatiza dawa zake, na amechoka kuulizwa na kila aingiaye kama amekwisha kuzimeza. Zipo pia sababu ambazo sisi wazima ndio tunaozileta: kumsema mtu mbele yake kana kwamba hayupo, kumnyang'anya fedha zake kwa kisingizio cha kumtunzia, kumwahidi leo na kumghilibu kesho, kumkataza jambo kwa sauti ya kumwamrisha mtoto. Wauguzi wa wodi za akili hujua kwamba ugomvi mwingi huanza mahali pa ombi lililokataliwa vibaya. Hata dawa zenyewe, hasa zile za zamani kama haloperidoli, huweza kumtia mtu hali ya kutotulia ambayo haimruhusu kukaa wala kusimama, na mhudumu asiyeijua athari hiyo humwona mgonjwa kuwa amechafuka, akamwongezea dawa ile ile iliyomchafua.

Nisieleweke kuwa nazidharau dawa. Tangu mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kuitumia kloropromazini katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, wodi ambazo zilikuwa na makelele na minyororo zimetulia, na asiyekubali hilo hajasoma tarehe ya hospitali hizo. Kwa ukali unaoendelea hata baada ya dawa nyingine kujaribiwa, kuna klozapini, ambayo katika uchunguzi wa Menahem Krakowski na wenzake juu ya wagonjwa 110 mjini New York, uliotangazwa mwaka 2006, ilipunguza jeuri zaidi ya olanzapini na zaidi sana ya haloperidoli, ingawa anayeitumia hulazimika kupimwa damu mara kwa mara kwa kuwa huweza kuziangusha chembe nyeupe. Lakini hapana kidonge kinachomfunza mtu namna ya kumjibu kaka aliyemwita mwendawazimu mbele ya wageni, na hapo ndipo kazi ya kikundi inapoanza.

Tiba hii haikuzaliwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1905, mjini Boston, tabibu Joseph Pratt aliwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu ili awafunze usafi, mapumziko na ulaji, akaja kuona kwamba kule kukutana peke yake kulikuwa kunawatia nguvu ambayo mafunzo yenyewe hayakuieleza. Kisha Edward Lazell, tabibu wa hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, aliandika mwaka 1921 habari za mihadhara aliyokuwa akiwapa kwa makundi wagonjwa ambao leo tungewaita wa skizofrenia. Na jambo moja katika habari zake lanipendeza kuliko yote, nalo ni kwamba baadhi ya waliokaa pale kama magogo, wasioonekana kusikia neno, baadaye walidhihirika kuwa wameyasikia na kuyahifadhi mengi ya yaliyosemwa. Vita vya pili vya dunia, vilivyoleta wagonjwa wengi na matabibu wachache, viliieneza njia hii kwa sababu ya dharura, na mwaka 1970 Irvin Yalom wa Marekani akaandika kitabu ambacho mpaka sasa ndicho rejeo la waalimu wa fani hiyo, akazitaja faida za kikundi, na mojawapo ni ile ya mtu kugundua kwamba si yeye peke yake.

Makundi ya zamani yaliyojaribu kuchimbua siri za utotoni na kuwaacha wagonjwa wagombane kwa maneno ili yaliyofichika yatoke yalikuwa mazito mno kwa watu ambao tayari hawana uhakika wa mpaka baina ya fikira zao na maneno ya wengine. Makundi ya leo ni ya kujifunza. Mengi yao hufuata, kwa kiasi hiki au kile, msingi uliowekwa na Raymond Novaco wa Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1975 aliieleza hasira kuwa ni mambo matatu yaliyofungamana: joto la mwili, fikira inayolitafsiri tukio, na kitendo kinachofuata, na ukipata kulishika mojawapo, mawili yaliyosalia hulegea.

Kikao chenyewe hakina fahari ya kutazama. Viti hupangwa kwa duara lililo pana, kwa maana wengi wa wagonjwa hawa hutaharuki wakikaliwa karibu; mlango haufungwi kwa ufunguo, wala mtu halazimishwi kuupa mgongo. Viongozi huwa wawili, mmoja akisema na mwingine akizitazama nyuso. Muda ni dakika 45 au saa moja, haupiti hapo, kwa sababu maradhi haya huichosha haraka nguvu ya kusikiliza. Kila mara huanzwa kwa kuzikariri sharti zile zile: yasemwayo humu ni amana na hubaki humu, isipokuwa nia ya kujiua au kumdhuru mtu, hapana kugusana, na anayeona moyo wake unapanda ana ruhusa ya kutoka nje, akatembea kidogo, akarudi bila ya kuulizwa wala kusutwa. Wageni hudhani sharti hili la mwisho ni la kulinda samani. Kwangu mimi ndilo somo la kwanza na pengine lililo kubwa, kwani mtu aliyezoea kwamba ghadhabu haina mlango ila ngumi huonyeshwa, mbele ya mashahidi, kwamba upo mlango wa pili na kwamba aliyeupitia hakupungukiwa na heshima.

Kisha huulizana ishara. Huyu husema masikio humwaka moto, yule husema meno humsagika, wa tatu husema sauti anazozisikia hupanda kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa amekasirika. Hupimana kwa hesabu ya moja hadi kumi, ili mtu apate kusema kuwa yuko kwenye nne badala ya kungoja mpaka afike tisa, ambako maneno hayamfai tena. Tuseme kijana mmoja anasimulia kuwa jana alimrushia dada yake sufuria kwa sababu alicheka. Kiongozi hamwambii kwamba alikosea, jambo analolijua. Humwuliza nini kilitangulia, mwili ulihisi nini, alifikiri nini wakati ule, akatenda nini, na nini kikafuata. Hapo mwenziwe aliye upande wa pili, ambaye pengine tangu aingie hajasema neno, humwuliza, "Ndugu yangu, dada yako hakuwa akizungumza kwa simu?" Na mwingine huongeza, "Mimi nami nilikuwa hivyo. Kila aliyecheka nilijua ananicheka mimi, hata watu wa ghorofa ya pili." Neno hili likitoka kinywani mwa daktari, kijana hulichukulia kuwa ni hila ya kumnyamazisha, likitoka kwa mtu anayesikia sauti kama yeye, hana pa kulikimbilia. Hatimaye huigiza: mmoja hujifanya dada, na kijana hujaribu kusema kwa sauti ya chini, "Dada, naona unacheka, ni mimi unayenicheka?" Hurudia mara ya pili na ya tatu mpaka maneno yamkae kinywani, kwani ulimi hauwezi kulikumbuka saa ya hasira neno ambalo haujalizoea saa ya amani.

Watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa faida ya baraza, ambapo mtu huleta shauri lake, wenziwe wakaligeuza upande huu na huu, akaondoka akiwa na tafsiri tatu za jambo ambalo alikuja nalo na moja. Kikundi cha wagonjwa hufanya kazi hiyo hiyo, na yapo majaribio yanayotuonyesha kwa nini wao waihitaji zaidi. Mwaka 1988, mjini London, Huq, Garety na Hemsley waliwaonyesha watu mitungi miwili ya shanga: mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi ya pili, na wa pili una kinyume cha hesabu hiyo. Mchunguzi hutoa shanga mojamoja kutoka katika mtungi uliofichwa, na mtu hutakiwa aseme ni upi atakapokuwa na yakini. Watu wenye dhana za maradhi, yaani wanaoamini kwa yakini mambo yasiyokuwapo, waliamua mapema kuliko wengine, baada ya shanga chache sana, na majaribio yaliyorudiwa tangu wakati ule yameonyesha kwamba wengi wao hukata shauri kwa shanga moja au mbili. Si kwamba hawajui hesabu. Ni kwamba shaka, ambayo kwetu ni ukumbi wa kungojea, kwao haikaliki. Shanga moja ni kicheko cha dada, na hukumu hupitishwa.

Kwa msingi huo Steffen Moritz wa Hamburg na Todd Woodward wa Kanada walitunga mafunzo ya kikundi yenye sehemu nane, ya kufanywa na wagonjwa watatu hadi kumi kwa muda wa dakika 45 hadi 60, ambayo huwafunza watu kuitambua tabia hiyo ya kukata shauri mapema kwa michezo na picha zisizohusiana na siri ya mtu yeyote. Hekima yake ni kwamba mgonjwa haambiwi kwamba dhana yake ni ya uwongo. Huonyeshwa namna ambavyo binadamu wote hudanganyika, na yeye akiwamo, akaachiwa aipeleke ilimu hiyo nyumbani kwa hiari yake.

Je, mambo haya yanafaa kweli, au ni matumaini ya watu wema? Hapa nalazimika kusema kwa hadhari. Nchini Uingereza palifanywa uchunguzi, uliotangazwa mwaka 2012 na Alexis Cullen na wenzake, wa wanaume 84 wenye maradhi ya aina hii waliokuwa katika hospitali sita za ulinzi kwa ajili ya makosa au hatari yao, na nusu yao hivi walipewa mafunzo ya kikundi yenye vikao 36 juu ya kufikiri kabla ya kutenda, kumsikiliza mwingine na kutatua mashaka. Matusi na vitisho vilipungua kwa waliofunzwa kuliko kwa wasiofunzwa. Lakini takriban nusu ya walioanza hawakumaliza, na waliomaliza ndio waliofaidi zaidi, jambo linalomwachia mwenye shaka nafasi ya kuuliza kama mafunzo ndiyo yaliyowatuliza au ni watulivu ndio waliovumilia mafunzo. Ushahidi wa mazungumzo ya mgonjwa mmoja na mtaalamu mmoja una nguvu zaidi: Gillian Haddock na wenzake, katika uchunguzi wa watu 77 uliotangazwa mwaka 2009, waliona jeuri ikipungua kwa njia hiyo. Hukumu yangu ni kwamba kikundi hakiwezi kushika mahali pa dawa wala pa tabibu wa faragha, lakini katika nchi ambazo wataalamu wa akili ni wachache, kuwaambia watu wangoje zamu ya kuonwa mmoja mmoja ni sawa na kuwaambia wasitibiwe.

Tena si kila mgonjwa afaa kuingizwa. Aliyechafuka siku hiyo, ambaye dhana zake zimemzunguka kiasi cha kuwaona wenziwe kuwa maadui, hungojwa mpaka dawa imtulize. Aliyelewa harudishwi nyumbani kwa matusi bali huombwa aje kesho. Na watu wawili wenye ugomvi wao wa wodini hawawekwi kikundi kimoja kwa kutarajia miujiza. Kiongozi asiyefunzwa ni hatari kuliko kukosa kiongozi, kwani akicheka wakati usiofaa, au akamlazimisha mtu kusema, hubomoa katika dakika moja yale ambayo wiki nyingi zimejenga.

Imebaki habari ya jamaa, ambao ndio hasa hupigwa pale mgonjwa anapopiga. George Brown na wenzake, walipowafuata wagonjwa waliotoka hospitali za London, waligundua kwamba waliorejea katika nyumba za lawama, uhasama na wasiwasi wa kupita kiasi walirudiwa na maradhi mara nyingi kuliko waliorejea katika nyumba tulivu. Mwanaanthropolojia Juli McGruder, aliyekaa na familia za wagonjwa huko Unguja, alizikuta nyumba ambamo msukosuko wa mgonjwa hupokewa kwa upole na imani ya kwamba ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, bila ya kumshitaki mwenyewe kwa kila alifanyalo. Nadhani tuna hapo urithi ambao tunaupoteza bila ya kujua thamani yake. William McFarlane wa Marekani aliwaunganisha wagonjwa na jamaa zao wa nyumba kadhaa katika kikundi kimoja, na katika uchunguzi wake wa mwaka 1995, baada ya miaka miwili, asilimia 16 ya wagonjwa wa makundi hayo walikuwa wamerudiwa na maradhi, kwa kulinganishwa na asilimia 27 ya wale ambao jamaa zao walifunzwa nyumba moja moja. Njia hiyo imekwisha kufika kwetu Tanzania: katika mpango uitwao KUPAA, wataalamu wa Muhimbili kwa kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke wameijaribu Dar es Salaam na Mbeya, wakiwakutanisha wagonjwa na walezi wao kwa lugha na desturi za hapa.

Kwa hiyo msomaji mwenye jamaa mgonjwa na aende kwenye kliniki ya afya ya akili iliyo karibu naye, aulize kama pana kikundi cha wagonjwa au cha walezi. Asipokikuta, na aombe, yeye na walezi wengine anaokutana nao katika foleni ya dawa, kianzishwe, kwa kuwa mahitaji yake ni chumba, viti, saa moja kwa wiki, na wauguzi wawili waliofunzwa. Na mpaka siku hiyo ifike, asimkatize mgonjwa dawa zake, amwepushe na pombe na bangi, na aiondoe kamba nyumbani.